Meza ya Vidole Ishirini

Jioni ya Ijumaa, tarehe 12 Juni 2009, jua likiwa limekwisha kugusa mapaa, Fundi wa televisheni alifunga kibanda chake mapema kuliko desturi yake, akavuka barabara kwenda kumwomba Mpiga Picha kipande cha filamu nyeusi. Haja yenyewe ilikuwa ndogo mno. Kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba kingetosha.

Alimkuta mzee akikunja pazia la studio.

"Wewe huji ila giza limeingia," Mpiga Picha alimtania. "Majirani watasema nafuga popo."

"Nina shida na mwanga, mzee wangu. Nataka kitu cha kuuzuia."

"Unaunda nini safari hii?"

"Meza."

"Meza ya filamu? Kweli akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zako naona zimeanza kunyonyoka."

Fundi akacheka, kisha akaeleza kwa utaratibu, maana kazi yake hakupenda ichukuliwe kuwa mchezo. Alikuwa amepata bamba la plastiki ngumu, angavu kama kioo. Pembezoni mwake alikuwa amepanga vijitaa alivyoving'oa kwenye rimoti mbovu zilizojaa kibandani, vile vinavyotoa mwanga usioonekana kwa jicho la mtu. Mwanga huo hukimbia ndani ya bamba kama maji ndani ya bomba. Ukiweka kidole juu, unavuja pale pale, na kamera iliyofichwa chini ndani ya sanduku huona doa jeupe. Kompyuta husoma doa, na projekta hutupa rangi mahali lilipo. Tena meza hiyo hupokea vidole vyote kumi kwa mpigo, hata vya watu wawili. Kilichobaki ni kuifumba kamera isione mwanga wa kawaida, ila ule usioonekana tu. Na kwa kazi hiyo hakuna chujio rahisi kama filamu ya rangi iliyosafishwa ikatoka nyeusi.

"Ni ya mwanangu Njiwa," akamalizia.

Utani ukamwisha Mpiga Picha. Mtaa mzima ulijua habari za Njiwa. Walizaliwa pacha, yeye na Chiriku, na majina hayo ya utani waliyapata kwa haki: Chiriku alisema kwa niaba ya wote wawili, Njiwa akawa wa kutikisa kichwa. Tarehe 8 Novemba ya mwaka uliotangulia, homa ikamchukua Chiriku akiwa na miaka saba. Tangu mazishi, Njiwa hakutamka hata neno moja. Daktari wa watoto alishauri atafutiwe kazi ya mikono, kwani mdomo ungefuata mikono. Mwalimu mkuu naye alikuwa amekata shauri: muhula wa Septemba ukifika hajasema, atahamishiwa shule ya bweni ya watoto wasiosema, mji wa mbali. Mama yake alikuwa ameapa kwamba hatampeleka mtoto wa pili mahali asipoweza kumwona.

Mzee akawasha taa, akamwonyesha vipande kadhaa. Fundi alivielekeza kwenye balbu kimoja kimoja. Vyote vilipitisha wekundu. Hatimaye akaona, nyuma ya chupa za dawa, mkebe mdogo uliofungwa kwa utepe.

"Na huo?"

Mpiga Picha akauchukua mkebe.

"Huo ni wa kwako. Ile roli ya filamu niliyowapiga pacha pale dirishani, Chiriku akiwa kitandani. Mkeo aliniomba. Nilikuambia picha zimeharibika, sikukuambia zimeharibikaje." Akafungua mkebe. Filamu ilikuwa nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Imeungua kwa mwanga, mzee. Jambo la kawaida."

"Filamu iliyoungua naijua, nimeianza kazi hii wewe hujavaa kaptura. Hii haikuungua. Hii imefumba macho." Akashusha sauti. "Kilichofumba macho, mwanangu, usichungulie kitu kupitia kwake."

Fundi akaiinua mbele ya balbu. Hakuona hata uzi wa mwanga. Kwa kazi yake, chujio bora kuliko hilo halikuwapo. Na kwa moyo wake, kilikuwa kitu cha mwisho kilichowahi kumtazama mwanawe akiwa hai. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akakata kipande, akakitia mfukoni.

Hapo ndipo alipokosea.

Meza ilifanya kazi Jumapili yake. Kwa kuwa jua nalo lina ule mwanga usioonekana na huivuruga kamera, iliwezekana kuichezea baada ya magharibi tu. Fundi alifunga mapazia ya chumba cha pacha, akamketisha Njiwa, akashika vidole vyake na kuviweka juu ya bamba. Duara za buluu zikachanua chini ya kila kidole, zikatanuka kama maji yaliyotupiwa kokoto. Mtoto alikodoa macho. Akaweka viganja vyote viwili.

Upande wa pili wa meza, mahali ambapo hapakuwa na mtu, zikachanua duara nyingine. Za manjano.

Fundi hukimbilia hitilafu kabla ya kukimbilia mzimu. Alipangusa bamba, akakaza vijitaa, akachungulia kama kuna tundu kwenye pazia. Alipogeuka, Njiwa alikuwa akipiga viganja mezani kwa mpigo wa ule mchezo wa makofi waliouzoea yeye na Chiriku: kulia, kushoto, vyote. Na duara za manjano zilikuwa zikimjibu.

Kulia... kushoto... vyote.

"Si hivyo," Njiwa akasema. "Anza tena."

Jikoni sufuria ilianguka. Mama akaja mbio, mikono ikitiririka maji, akasimama mlangoni karibu na mumewe. Walishikana mikono kama maharusi. Mtoto alikuwa amesema. Wote wawili walilia kimya kimya, wasije wakamshtua, na hakuna aliyeuliza alikuwa akimwambia nani.

Kila magharibi ikawa ndiyo saa ya furaha nyumbani humo. Njiwa aliketi mezani akasema. Alisema sana, alisema mbio, akimeza miisho ya maneno na kujichekea kabla hajafika mwisho wa kisa. Akiondoka mezani, mdomo ulifungwa. Mchana alilala. Chakula alikisukuma. Mama alimkanda mikono kwa maji ya moto, na maji yakapoa kabla mikono haijapata joto.

Majirani, kwa heshima, walikuwa wamekwisha kumbadilisha mama huyo jina, wakimwita Mama Njiwa. Yeye hakuwahi kuitika ila kwa Mama Pacha. Jioni moja, akiwa anapepeta mchele ukumbini, ungo ulisimama mikononi mwake.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Huyo anayesema humo ndani si Njiwa."

"Sauti ni yake, mke wangu."

"Sauti ni yake," alinong'ona. "Maneno si yake. Sikiliza."

Wakasikiliza. Ndani, mtoto alikuwa akisimulia jinsi mama alivyompaka dawa ya kifua usiku ule wa homa, na jinsi dawa ilivyomwingia jichoni, asiseme, kwa kuwa mama alikuwa akilia. Jambo hilo halikuwa limempata Njiwa.

Na chumba kilinuka dawa ile ya kifua. Chupa yake ilitupwa siku ya mazishi.

Fundi aliingia kwa hatua za kunyata. Hakutazama meza, alitazama kompyuta, pale inapoonyesha picha mbichi ya kamera, kabla haijatiwa rangi yoyote. Alijua kanuni ya chombo chake: kidole chenye joto na unyevu hung'aa, kidole kikavu, cha baridi, hufifia.

Madoa ishirini.

Kumi upande wa pili, yaking'aa kama makaa.

Kumi upande wa Njiwa... ya rangi ya majivu. Moja likazimika akilitazama.

"Njiwa, mwanangu. Inua mikono."

"Siwezi, baba." Ilikuwa sauti nyingine sasa, nyembamba, iliyosahaulika. "Amenishika."

Akamvuta. Viganja havikubanduka, kama kidole kibichi kilichonasa kwenye barafu ya friji. Akarukia ukutani, akang'oa waya wa umeme. Projekta ikafa, rangi zikapotea, chumba kikawa giza.

Kompyuta ilibaki ikiwaka kwa betri yake. Vijitaa vya pembezoni havikuwa na betri. Havikuwa na kitu chochote cha kuviwasha.

Madoa yalikuwa pale pale.

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti kwenye kidirisha cha sanduku la kamera, lakini hakujua ashike nini. "Niambie ni kipi," alisema. "Niambie upesi."

 Fundi alikuwa ameweka kiganja chake cha kulia upande wa pili wa meza, juu ya yale madoa yanayong'aa, akikusudia kuyafunika, kama mtu anavyofunika mdomo wa mtoto asipige kelele. Baridi ikampenya hadi kwenye kiwiko. Kwenye kompyuta aliona vidole vyake vitano vipana... kisha akaona vidogo vikimwachia Njiwa, kimoja kimoja, vikaja, vikajikunja ndani ya kiganja chake.

Njiwa akaanguka nyuma, mikono ikiwa huru.

Hapo baba angeweza kuuondoa mkono. Bamba halikumshika. Alikuwa hashikwi na kitu chochote.

"Chiriku," alisema.

Vidole vidogo vikambana.

"Baba yupo. Hutaki kukaa peke yako, najua. Najua, mwanangu."

"Fundi." Kwa miaka yote ya ndoa yao mkewe hakuwahi kumwita hivyo. "Mtoto wako yuko chini, anatetemeka. Nitoe kipi?"

"Kuna kifilamu cheusi. Mbele ya kamera." Hakuuondoa mkono. "Nitakitoa mwenyewe. Ngoja kidogo. Ngoja nimuage."

"Hutakitoa." Mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia sandukuni. "Mara ya kwanza ulimzika wewe, mimi nikiwa nimezirai. Mara hii niachie mimi."

Akakichomoa.

Kompyuta ikawa nyeupe tupu, kisha ikawa giza. Harufu ya dawa ikakatika kama iliyofungiwa mlango.

Kifilamu walikitia kwenye makaa ya jiko usiku huohuo. Kiliteketea bila moshi. Meza ilivunjwa, bamba likarudi kibandani likiwa vipande, na Njiwa akapata joto, akala, akalala usingizi wa kawaida. Lakini neno hakumwambia mtu tena. Mpiga Picha aliposimuliwa, aligeuzageuza kifuniko cha lenzi.

"Dirishani mwanga ulikuwa tele," alisema. "Nimejiuliza miezi yote hii ulikwenda wapi. Labda nilifunga kamera upesi mno, mtoto akabaki ndani."

Kiganja cha kulia cha Fundi hakikupata joto tangu siku ile. Wateja walishtuka wakipeana naye mkono, akawa anawapa wa kushoto na kuomba radhi. Alikishika chuma cha lehemu kwa shida. Mkewe aliona, na alipomwandalia chakula alikisogeza upande wa mkono mzima.

Njiwa naye aliona. Alizoea kuja kuketi kando ya baba yake magharibi ikiingia, akauchukua mkono ule wa baridi, akaufungua vidole. Aliinamisha mdomo ndani ya kiganja, akanong'ona kwa muda. Kisha alikigeuza, akakiweka sikioni, akasikiliza. Mara nyingine alitabasamu. Baba hakuondoa mkono. Mama aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta kitu.

Jumapili ya tarehe 6 Septemba 2009, mkesha wa kufunguliwa shule, begi la bweni lilikuwa limefungwa na kusimamishwa mlangoni: mashuka, sabuni, sare mpya, sweta la sufu kwa kuwa mji ule, walivyoambiwa, ulikuwa na baridi. Mama Pacha alikuwa amelipanga kwa mikono yake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda karibu na begi hilo, mgongo ukiwaelekea baba na mtoto, akisikiliza ule mnong'ono.

Taa haikuwa imewashwa. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Mnong'ono ukakoma. Mama hakugeuka.

"Hajambo?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayepiga hodi nyumba asiyoijua.

Njiwa akainua kichwa kutoka kwenye kiganja cha baba yake. Alizungumza polepole, akitamka kila neno hadi mwisho wake, kwa sauti ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

"Hajambo, mama. Ila anasikia baridi."

Mama Pacha akalivuta begi, akalifungua. Akatoa sare, akatoa mashuka, akaviweka sakafuni. Kisha akatoa lile sweta, akaja akapiga magoti mbele ya mumewe, akaufunika nalo mkono wa kulia, akaukunjia mikono ya sweta juu yake mmoja baada ya mwingine, na kuubana kifuani mwake.