Ukoko wa Chungu cha Sonara

Kidani kilianza kutoa mafuta siku ya tatu baada ya maonyesho kufunguliwa. Mama Pacha, msafishaji wa vito katika jumba la makumbusho ya dhahabu, alidhani ni alama za vidole vya wageni. Kisha akakumbuka kwamba kidani kimo ndani ya kabati la kioo, na ufunguo anao yeye peke yake.

Alivaa glavu, akakitoa, akakifuta. Kitambaa kilibaki na utando wa njano, mzito, kama ule wa nyuma ya sikio la mtoto anayekwepa kuogeshwa. Akaunusa, kwa mazoea ya kulea. Ulinuka kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

Kidani hicho ndicho kilichokuwa fahari ya jumba. Vyumba vitatu vya mbele vilijaa vito vilivyobuniwa na wasanii: pete zenye umbo la ndege, bangili zilizosukwa kama kamba, hereni kubwa ambazo mwanamke mwenye kazi zake hawezi kuzivaa hata nusu saa. Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya sonara, iliyohamishwa nzima nzima: benchi, fuawe, koleo, mrija wa kupulizia moto, na sonara mwenyewe. Huyo alikuwa baba yake Mama Pacha. Kutwa alikaa mbele ya wageni, amejitandika ngozi magotini ya kukingia unga wa dhahabu, akisokota waya mwembamba kama unywele. Mkuu wa jumba alimwita hazina hai. Mzee alijibu kwamba hazina haikalishwi kwenye kiti chenye mguu mbovu.

Sonara hatupi takataka. Chochote kinachofagiwa benchini na sakafuni, unga wa tupa, nywele, vipande vya kucha, ukoga wa jasho, hutiwa kwenye chungu kimoja na kuchomwa, mpaka uchafu uishe na dhahabu ibaki. Ukoo wao ulikuwa na sharti moja tu: ukoko wa chini haukwanguliwi. Ukoko una mwenyewe. Babu yao alimwita Mpangaji, na aliyeuliza zaidi alitumwa maji.

Kabla ya maonyesho, msanii wa kidani alitaka majani ishirini ya dhahabu, yote yatokane na mabaki ya chungu kile, bila kuongeza hata chembe ya dukani. Wazo lilipigiwa makofi. Yalipatikana majani kumi na tisa. Siku hiyo mzee alikuwa hospitali kwa ajili ya macho yake, na msanii alisimama mlangoni akitafuna midomo. Mama Pacha alichungulia chunguni, akaona ukoko umeng'ang'ania, mweusi, mnene kama kidole. Alikuwa mwanamke wa kukwangua masufuria tangu ana miaka saba. Akachukua kijiko.

Jani la ishirini likapatikana. Chungu kikatakata kama sahani ya mgeni.

Baada ya mafuta zikaja nywele. Kila asubuhi alizikuta zimejiviringa kwenye majani ya kidani, fupi, za mvi, zimelowa. Alizitoa kwa kibanio mojamoja. Wiki ya pili alimwona baba yake kwenye mwanga wa dirisha na akagundua kwamba hana nyusi. Alipomuuliza, mzee alisema uzee unachukua chake. Alikuwa ameficha mikono chini ya ngozi ya magotini.

Alasiri moja, wageni walipokwisha kuondoka na feni zimezimwa, Mama Pacha alisikia kitu kikinyonya. Kilinyonya taratibu, kwa utamu, kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa asitake wenzake wajue, naye akaifuata sauti ile chumba baada ya chumba, harufu ya kinywa ikizidi kila alipokanyaga, mpaka akafika karakanani na kumwona baba yake amesinzia kitini, mkono wa kulia unaning'inia, vidole vinang'aa kwa mate ambayo hayangeweza kuwa yake kwa jinsi yalivyokuwa mengi, yakidondoka sakafuni kwa nyuzi ndefu zisizokatika, huku ukucha wa kidole cha shahada ukiinuka polepole kutoka kwenye nyama, bila damu, ukachomoka, ukaelea kidogo, ukatoweka kwa mlio mdogo wa kutafunwa.

Alimtikisa baba yake. Mzee aliangalia kidole, kisha akamwangalia bintiye.

"Ulikwangua," alisema.

"Nilikwangua, Baba."

Hakumfokea. Afadhali angefoka.

"Yule alikuwa anakula tulichodondosha," mzee alinong'ona. "Sasa umemnyang'anya sahani, anakula mezani."

Mkono wa kulia ulikuwa umebaki na kucha mbili. Bila kucha sonara hawezi kubana waya, na mzee huyu hakuwa na kitu kingine duniani kilichomwamsha asubuhi. Hospitali walimpa dawa ya fangasi. Usiku huo Mama Pacha alimpaka dawa ile, na chini ya mafuta aliona ncha ya kidole gumba imeanza kulika, ina alama ndogondogo kama andazi lililoonjwa na panya.

Kulikuwa na fundi cherehani, Bi Uzi, aliyejulikana pia kwa mambo ya namna hii. Alikuja mchana, akakata tiketi kama mgeni mwingine, akasimama mbele ya kidani akiwa ameziba pua kwa mtandio. Walipotoka uani alitema mate mara tatu. Alisema huyu hatoki kwa moshi wala kwa kisomo, kwa sababu hakuvamia, kafukuzwa kwake. Kiyeyushwe kidani, ukoko urudi chunguni. Mama Pacha akamweleza kwamba mkuu wa jumba angeyeyusha kwanza wafanyakazi wote.

"Basi mlisheni," Bi Uzi alisema. "Nywele, kucha, ukoga. Chomeni kwenye chungu kilekile, msikikwangue. Akishiba atarudisha alichokula. Lakini mpeni vya kwenu. Sikia, mwanangu. Vya kwenu tu."

Mama Pacha alianza kwa kujinyoa kichwa. Akakata kucha zake mpaka nyama ikauma, akajisugua miguu kwa jiwe na kukusanya unga wake kwenye karatasi. Chungu kilinuka kama kwato zilizoungua, na ukoko ulikuwa bado haujafunika hata chini yake. Pale nyumbani wanawe pacha walikuwa na nywele nyingi, nzuri. Aliwachana jioni, akakusanya zilizotoka kwenye kitana, akazishika muda mrefu, kisha akazitumbukiza chooni na kumwaga maji mara mbili.

Kesho yake, jumba lilipofungwa, alichukua ufagio. Wageni mia mbili walikuwa wamepita. Alifagia chini ya makabati, kwenye pembe za ngazi, mbele ya vioo vya chooni. Alipata fungu la nywele kubwa kama kiota, za kila rangi, zimeshikana na makohozi na ubani uliotafunwa. Alilibeba kwa mikono miwili, uso ameugeuza pembeni. Chungu kilipochomwa, kitu ndani yake kilicheua.

Tangu siku hiyo kidani kikawa kikavu. Mnyonyo ukakoma. Wiki ya tano mzee alimwita karakanani, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu maonyesho yaanze, akanyoosha mkono wa kulia.

Kucha zilikuwa tano. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mpana, umeungua njano kwa sigara, na mzee hakuwahi kuvuta. Wa shahada ulikuwa umetafunwatafunwa kama wa mwanafunzi wakati wa mitihani. Wa kidole cha kati ulikuwa mrefu, umechongwa vizuri, umepakwa rangi nyekundu iliyobanduka kidogo pembeni.

"Hizo za nani, Baba?"

Mzee alichukua waya, akaubana, akaukunja mara saba bila kuteleza.

"Zinashika," alisema.

Jumamosi dada wa tiketi alikuja kumwita Mama Pacha. Mlangoni kulikuwa na mwanamke kijana, mkono mmoja umefungwa leso. Kucha za mkono mwingine zilikuwa nyekundu. Alisema anajua ataonekana kichaa, lakini wiki iliyopita alitembelea jumba hili, na alipofika nyumbani aliona ukucha mmoja haupo, wala haukuuma. Sasa na kidole chenyewe kimeanza kuwasha. Je, hakuna mtu aliyeokota kitu?

Kutoka chumba cha nyuma ilisikika nyundo ndogo ya mzee, nyepesi, yenye furaha.

"Hapana, dada yangu," Mama Pacha alisema. "Labda ulijigonga mahali."

Alimpa kiti, akamletea maji, akamtajia dawa ya fangasi. Mwanamke alishukuru sana. Alipoondoka aliacha nywele mbili ndefu kwenye mgongo wa kiti. Mama Pacha alizitazama. Kisha akaziokota kwa ncha za vidole na kwenda nazo nyuma.