Hataza Iliyokufa, Nikaiandika Kuwa Hai

Ningesema hapana! Neno moja tu... Lakini kalamu ilikuwa mkononi, nami nikaandika.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Iringa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu vizuri somo la utunzaji wa hesabu, na kazi hiyo imenilisha maisha yangu yote.  

Nilikuwa nashika vitabu vya karakana moja huko Uyole, Mbeya. Mwenye karakana nitamwita Ezekia, ingawa si jina lake. Alikuwa fundi wa kuchomelea, shule kidogo, lakini Mungu alimpa kichwa! Alibuni mashine ndogo ya kutoa mawe kwenye mchele, ya bei ambayo hata mtu mwenye kinu cha kukoboa kule Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, aliimudu. Akaiombea hataza, yaani ile haki unayopewa na serikali ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako kwa muda maalumu. Akaipata. Tulichinja mbuzi siku hiyo.

Wiki iliyofuata akaniita. Alitaka mkopo benki, na vitabu vyetu vilionyesha kampuni isiyo na mali ya maana.

"Mzee, hataza yangu umeiandika shilingi ngapi?"

Nikamweleza kwamba nimeandika ada za maombi na malipo ya wakala aliyetushughulikia. Basi. Ndivyo nilivyofundishwa. Fedha za majaribio ni matumizi ya mwaka ule ule zilipotumika, haziwi thamani ya hataza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Yaani jasho langu la miaka minne ni ada ya fomu? Weka vyuma vyote nilivyoharibu. Weka mishahara. Weka safari za Dar. Weka na pikapu!"

"Pikapu na hataza wapi na wapi?"

"Ilibeba vyuma, au haikubeba?"

Nilicheka naye... kisha nikaandika. Vyote!

Hakuishia hapo. Hataza ina mwisho wake, kwa hiyo kila mwaka mtunza hesabu hukata kipande cha thamani yake mpaka iishe. Na kama unaona uvumbuzi utapitwa kabla ya muda wa kisheria kwisha, unakata kwa ile miaka michache utakayoutumia. Mimi niliona mashine ile itatulisha miaka mitano tu. Ezekia akasema nikikata, faida itapungua na benki watanuna. Nisikate kitu.

Sikukata.

Kwa nini nilikubali? Nyumba yangu ilikuwa imekwama kwenye lenta, bila paa, kwa miaka miwili, na mvua zilikuwa zinakuja. Aliniahidi bati. Ndiyo bei yangu, wasomaji. Bati!

Hofu ilinianza siku hiyo hiyo. Gari likisimama getini, nachungulia dirishani. Mtu akivaa tai, namwona mkaguzi. Mke wangu akaniuliza mbona siku hizi naacha chakula. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo.

Kisha likaja kubwa zaidi. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alianza kuuza mashine kama yetu. Ezekia akamshtaki. Kumbe yule fundi alikuwa na mashahidi kwamba chekeche la namna ile, ambalo ndilo moyo wa mashine yetu, lilikuwa likitumika wazi miaka mingi kabla ya Ezekia kuomba haki yake! Tukashindwa. Hataza ikafutwa.

Nilijua la kufanya. Kitu kikifa unakifuta vitabuni chote, siku ile ile. Badala yake Ezekia aliniwekea risiti za wakili mezani. "Hizi nazo ni gharama za hataza. Jumlisha."

Jamani! Gharama za wakili unaziongeza kwenye thamani ya hataza ukishinda kesi, si ukishindwa! Lakini nilikuwa nimeshaingia mguu mmoja, nikatia na wa pili. Mwaka ule hataza ilipokufa ndio mwaka ilipopanda kuliko yote vitabuni mwangu. Nikaweka sahihi.

Benki, waliokuwa bado wanapima ombi letu la mkopo, walisita. Walisema watatuma mtu akague kwanza. Ezekia hakungoja. Akaenda Ubaruku kuwaomba wakulima wamwachie mpunga wao uliokuwa ghalani auuze, yeye awape hisa za kampuni.

Huko Ubaruku analima mdogo wangu, Festo. Baba mmoja, mama mmoja, tuko wawili tu. Wakulima wakasema kama kaka yake Festo ndiye anayeshika vitabu, hakuna shida. Festo akanipigia simu.

"Kamwene, kaka. Nikuulize wewe au nimuulize nani? Hiyo kampuni ina kitu kweli?"

"Ina hataza," nikasema.

"Na hataza yenyewe ina nguvu?"

Ezekia alikuwa mbele yangu, anamenya karanga, ananitazama. 

"Vitabu viko sawa, mdogo wangu."

"Basi, imetosha! Mke wangu anasema tubakize magunia kidogo. Nimemwambia asinitie aibu, kaka yangu ni mtu wa hesabu."

Akatoa mpunga wote. Tena akaweka shamba lake rehani ili apate mbolea na vibarua wa msimu uliofuata. Nilipopata habari ya rehani nilishika simu nimzuie... nikairudisha mezani. Ningemwambia nini?

Mkaguzi wa benki alikuja. Nilitarajia mwanamume mkali mwenye miwani. Alikuwa binti mpole, akaniamkia vizuri.

"Shikamoo, baba. Kwa msajili nimeambiwa hii hataza ilifutwa; ilikuwa lini?"

Nikamtajia mwaka.

"Sasa mbona mwaka huo ndio imepanda?"

Nikafunua kurasa kama ninayetafuta kitu. 

"Na tukiitoa, kampuni inabaki na nini, baba?"

"Mashine mbili za kuchomelea."

Akafunga kitabu taratibu. Hata chai hakumaliza.

Mkopo ukafa. Mpunga ulikuwa umeshauzwa, Ezekia amelipia madeni yake. Wakulima wakaja Uyole wamejaa kwenye lori, wanapiga geti kwa mawe. Ezekia akawaambia, "Mimi ni fundi, hesabu sizijui. Muulizeni mzee, sahihi ni yake."

Na ilikuwa yangu! Nimlaumu nani?

Nilitoka nje. Nilidhani wataniua. Festo akawazuia kwa mkono, akasimama mbele yangu. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile aliponipigia simu nilikuwa najua kwamba hataza imekufa.

Nikasema ndiyo.

Akapanda lori.

Wakulima walinishtaki, na mwaka mzima niliripoti polisi kila Jumatatu, na kila Jumatatu niliaga nyumbani kama mtu asiyerudi. Nyumba niliiuza, ikiwa na bati lake, nikawagawia wakulima. Haikufika popote. Fungu la Festo lilirudi kwa mkono wa mchungaji, bahasha haijafunguliwa. Shamba lake lilipigwa mnada. Sasa, akiwa na umri wa karibu miaka sitini, anapandikiza mpunga wa watu kwa kibarua, maji yamemfika magotini.

Wewe unayeshika vitabu vya mtu, nakusihi, usiandike namba usiyoweza kumsomea mdogo wako uso kwa uso. Ukiambiwa ongeza, acha kazi. Utalala njaa, lakini utalala! Na wewe unayetaka kuweka mazao yako kwenye kampuni, usitosheke kuambiwa vitabu viko sawa, hata na ndugu. Uliza mali yao kubwa ni kitu gani, inaisha lini, na kama bado iko hai.

Siku hizi naishi Iringa, chumba kimoja. Festo ni mzima. Amewaambia wanawe kwamba akifa nisitupe udongo kwenye kaburi lake, na nikitangulia mimi, yeye hatakuja. Simu ikiita kutoka Ubaruku, naiogopa.

Sahihi ile ilinigharimu ndugu yangu wa pekee, naye angali hai.