Unene wa Bonge

Kabla kengele ya shule haijalia, Meneja alikuwa ameshafanya kazi ya mtu mzima na nusu. Ameteka maji bombani, amefagia chumba, amesimamisha godoro ukutani, amemnawisha mdogo wake uso na kumfunga mgongoni kwa kanga. Meneja halikuwa jina lake, bila shaka. Alipewa na mama yake siku alipokabidhiwa funguo. "Kuanzia leo wewe ndiye meneja wa nyumba hii," mama alimwambia. "Mimi ni mfanyakazi tu, nakuja kulala." Walicheka sana siku hiyo. Msichana wa miaka kumi na miwili kuitwa meneja si jambo dogo, na jina likamganda.

Mama yao alikuwa akifua mashuka hotelini. Aliondoka alfajiri, akarudi jua limeshazama, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni. Baba alikwenda mbali kutafuta kazi. Alipiga simu kwa miezi miwili, kisha simu yake ikawa haipatikani, basi. Ukabaki mshahara mmoja, na wa kula ni watatu.

Hata hivyo mama alikuwa mwerevu wa kununua. Kila mwisho wa mwezi, akishalipa kodi ya chumba, alileta unga, ndoo ya maharage na karanga kidogo, na kila mara alisema maneno yaleyale. "Nyama hatuiwezi. Nyama yetu ni maharage haya. Mpikie mdogo wako kila siku, unasikia?"

"Nasikia, mama."

Na kweli alipika. Shida ilikuwa mkaa. Yale maharage yalikuwa makavu, magumu, yanachemka tangu mchana hadi watoto wa jirani wanaitwa kuoga, na ukibonyeza moja unakuta bado gumu kama lilivyotoka ndooni. Mkaa wa wiki nzima uliisha siku ya nne. Jioni moja mama alirudi, akachungulia gunia, akashika kiuno.

"Umekwisha tena? Mkaa huu unaupikia au unautafuna? Sasa niuze nini, niuze godoro?"

Alikuwa amechoka, miguu inamuuma, na kesho yake alikuwa ameshasahau alichosema. Mtoto hakusahau. Neno lile lilimkaa kifuani, akajiapiza kwamba mkaa hautaisha tena mikononi mwake, liwalo na liwe.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Shangazi wa dukani. Hakuwa shangazi yao wa damu. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye duka dogo mlangoni pa ua wao, na ndiye aliyewaangalizia mtoto wakati Meneja yuko shuleni.

"Shangazi, nikikupa kikombe cha maharage, utanipa mkate na sukari?"

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Mama yako anajua?"

"Anajua."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa maana maishani, na ulitoka laini kuliko alivyodhani.

Basi ikawa ndio mtindo. Asubuhi mkate na chai ya sukari, isiyo na maziwa. Mchana mkate na chai. Jioni uji mtupu, na mama akirudi walikuwa wameshakula. Mkate hauli mkaa, na chai inachemka upesi. Karanga nazo zikaenda dukani. Siku moja tu kwa wiki, siku ya mapumziko ya mama, Meneja alipika sufuria nzima ya maharage, ikaonekana, ikasifiwa. Mkaa sasa ulifika mwisho wa wiki na kubaki. "Unaona!" mama alisema, akimpiga bega. "Si nilisema wewe ni meneja?" Meneja akatabasamu, akageuka kukusanya vyombo.

Mdogo wake alikuwa na miaka miwili na nusu. Zamani alikuwa mwembamba na mtundu, hakai, hashikiki. Baada ya miezi mitatu ya mkate na chai, mashavu yakaanza kujaa. Uso ukawa wa duara. Miguu ikawa minene, inang'aa. Nywele zake nyeusi za kipilipili zikalainika na kugeuka rangi ya kahawia, Shangazi akawa anazipapasa na kuzisifu.

"Jamani, huyu mtoto amenawiri! Bonge langu hili!" Na ua mzima ukamwita Bonge. Wanawake waliokuwa wakifua walimwambia mama, "Wewe unawalisha nini watoto wako? Tufundishe na sisi." Mama, aliyekuwa hajasikia neno zuri siku nyingi, alicheka hadi machozi.

Tena Bonge alikuwa ametulia. Hakupanda tena juu ya ndoo, hakukimbizana na kuku. Alikaa alipokalishwa. Ukimpa mkate aliushika tu mkononi. Watu walisema ameshiba, na mtoto aliyeshiba hasumbui. Meneja naye alijiambia hivyo hivyo, kila siku, kwa sauti ya chini.

Siku moja, akirudi kutoka shuleni, alikuta ndala za Bonge hazimwingii. Miguu ilikuwa imefura, ukanda unambana hadi ngozi imechubuka. Akambeba hadi kwa fundi viatu, mzee aliyekaa na sindano na gundi pembeni mwa barabara ya soko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani huyo umembeba, bosi wako?"

"Ni Bonge. Amenenepa mpaka viatu vinambana. Naomba umlegezee mikanda."

Fundi alicheka, akauchukua mguu wa mtoto, akauweka juu ya paja lake kuupima. Kicheko kikakatika. Aliubonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akatoa kidole. Shimo likabaki. Shimo la kidole gumba, limekaa palepale kwenye nyama ya mtoto kama kwenye unga uliokandwa, wala halikurudi. Na Bonge hakulia. Alitazama tu barabarani.

"Babu, kwa nini halirudi?"

"Mimi nimeshika miguu ya watu kwa miaka thelathini," fundi alisema polepole. "Ya wanene, ya wembamba, ya wagonjwa. Huu si unene, mwanangu. Haya ni maji. Mama yako yuko wapi? Kamwite. Leo, si kesho."

Meneja alikimbia hadi hotelini na mtoto mgongoni, akilia njia nzima.

Kwenye kituo cha afya foleni ilikuwa ndefu, lakini muuguzi alipomwona Bonge tu aliwaita mbele. Alimvua nguo. Alibonyeza mguu mmoja, kisha wa pili, akatazama ngozi iliyokuwa inabanduka mapajani, akavuta unywele mmoja, ukatoka bila kushikilia.

"Mama, mtoto huyu anakula nini?"

"Maharage," mama alijibu haraka, kichwa juu. "Kila siku. Na uji wa karanga. Mimi ni maskini, nesi, lakini chakula cha wanangu sikifanyii mchezo."

Muuguzi akakunja uso. "Kila siku? Una uhakika? Maana dalili hizi ni za mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili. Kama kweli anakula maharage kila siku, basi ni kitu kingine. Huenda ni figo. Itabidi niwape barua ya hospitali ya mbali akapimwe, na matibabu yake ni tofauti kabisa." Akavuta karatasi, akaanza kuandika.

Meneja aliitazama ile kalamu ikitembea. Alijua kila neno linaloandikwa pale ni la uongo, na uongo ni wake. Akisema, mama atamwonaje? Asiposema, mdogo wake atatibiwa ugonjwa usio wake, na huenda asirudi.

"Hali maharage," alisema.

Mama aligeuka. "Unasema nini?"

"Hali, mama. Nilikuwa nampelekea Shangazi, ananipa mkate na sukari. Na karanga pia. Nilikuwa napika siku unayokuwepo tu." Kisha yote yakamtoka kwa mkupuo. "Mkaa ulikuwa unaisha, mama! Ulisema utauza godoro. Sikutaka uuze godoro. Watu walisema amenenepa, na mimi nikaamini. Nisamehe, mama, nisamehe!"

Mama hakumpiga. Afadhali angempiga. Alikaa kwenye benchi, akaushika mguu wa mwanawe, akaubonyeza mwenyewe kwa kidole gumba, akaangalia shimo lile likibaki.

Muuguzi aliichana karatasi. "Umesema kwa wakati," alimwambia Meneja. "Huu ni utapiamlo. Mwili umekosa cha kujijengea, ukajaa maji. Tunamlaza leo hapa hapa, kwenye wodi ya nyuma."

Wodi ilikuwa na vitanda sita, na harufu ya dawa na maziwa. Maziwa yalitolewa kwa kikombe kidogo, mara nane kwa siku, kwa sababu mwili ule ulikuwa dhaifu mno na chakula kingi kwa ghafla kingeweza kumuua. Mama alilala sakafuni chini ya kitanda. Asubuhi ya tatu, kitanda cha jirani kilikuwa kimetandikwa shuka jipya, na mama wa mtoto aliyekuwa pale hakuonekana tena. Meneja alielewa bila kuambiwa.

Wiki ya pili maji yakaanza kutoka mwilini, na hapo ndipo Meneja alipopigwa na hofu zaidi. Mashavu yalikwisha. Miguu ikawa vijiti, mbavu zikahesabika, na ngozi ya makalio ikaning'inia. "Anakufa!" alimlilia muuguzi. "Mbona anaisha? Mmempa nini?"

"Hafi," muuguzi alisema, akamshika mabega. "Hivi ndivyo alivyokuwa tangu zamani, ndani ya yale maji. Sasa ndiyo tunamwona."

Shangazi wa dukani alikuja siku hiyo hiyo na mayai manne kwenye kitambaa. Alipomwona mtoto aliziba mdomo kwa mkono. "Na mimi ndiye niliyemsifu," alisema. "Mimi ndiye niliyempa jina. Niliona biashara, sikuona mtoto." Alilia waziwazi, mtu mzima yule, wala hakuna aliyembembeleza.

Walikaa wodini wiki tano. Hoteli haikusubiri. Mama alipokwenda kuulizia kazi yake alimkuta mwanamke mwingine kwenye beseni lake. Tangu hapo akawa anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba, leo ipo, kesho hakuna. Walirudi nyumbani na mtoto aliye hai, na mfuko uliokuwa mtupu kuliko mwanzo.

Lakini walirudi na kitu kingine. Siku za mwisho wodini, muuguzi alimwita Meneja jikoni na kumwonyesha kwa mikono yake. "Maharage hayahitaji mkaa mwingi, yanahitaji maji mapema," alisema. "Yaloweke jioni. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, yachemshe kwa moto mkali na mfuniko juu kwa nusu saa hivi. Kisha ipua sufuria bila kuifunua, ifunge kwa blanketi, iweke kwenye kikapu kilichojaa nguo kuukuu. Nenda shule. Ukirudi, yachemshe tena kidogo, yatakuwa yamelainika." Akamfundisha kutwanga karanga na kuzitia kwenye uji, na mchicha kuuosha kabla ya kuukata, kisha kuutia chunguni mwishoni kabisa. Yai, likipatikana, ni la mdogo kwanza.

Meneja alifanya hivyo hivyo. Siku ya kwanza alipofungua blanketi na kubonyeza haragwe likapondeka kidoleni, alikaa chini akalia. Robo ya mkaa wa zamani, na chakula kipo. Kumbe miezi yote ile ilikosekana kauli moja tu ya kuuliza.

Jioni hiyo, mtoto akiwa amemaliza bakuli lake na kuomba jingine, mama alimwita binti yake wakakaa kizingitini.

"Nimekuwa nikitafuta maneno siku nyingi," mama alisema. "Ulinidanganya, na uongo wako ulitaka kumuua mdogo wako. Hilo ulijue, usilisahau. Lakini na mimi nina langu. Nilikubebesha mzigo wa mtu mzima, kisha nikakukaripia ulipokulemea. Ukaogopa kuniambia. Na watu walipomsifu mtoto, nilifurahia sifa, sikumtazama mwanangu. Chakula bora hakitaki pesa nyingi, mwanangu, hilo tumeonyeshwa. Kinachotakiwa ni ukweli ndani ya nyumba. Kikikosekana kitu, useme. Ukishindwa, niambie, 'Mama, nimeshindwa.' Mimi sitakupiga. Na mimi nikishindwa nitakuambia."

Meneja aliinamisha kichwa. Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha akavuta pumzi.

"Mama."

"Naam."

"Unga hautafika mwisho wa wiki. Nimepima mara mbili. Sijui la kufanya."

Mama alifumba macho. Siku hiyo hakuwa amepata hata nyumba moja ya kufulia. Meneja alimwona akikaza taya, akangoja. Mama akafumbua macho, akasogea ili binti yake apate nafasi ya kukaa karibu naye.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Sogea hapa, tufikirie."