Nafasi Ipo Kila Siku

Simu ilipokelewa kabla haijaita. Mshauri aliiondoa sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nakusikiliza," ilisema sauti ya upande wa pili, laini, isiyojulikana ni ya mwanamume au ya mwanamke. Chini yake, kwa mbali, kulikuwa na mnong'ono kama wa mtu anayerudia kila neno analolisema mshauri mwenyewe. Lakini asubuhi ile alishapiga simu tisa zilizoita mpaka zikachoka, kwa hiyo alijiambia kwamba hatimaye amempata mtu anayejua kazi.

Kazi yake chuoni ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Mwanafunzi aliyezidiwa na mambo alipewa vikao vinne ofisini kwake, na vinne visipotosha, mshauri alimtafutia mtaalamu wa afya ya akili huko mjini wa kuendelea naye. Wengine wangeandika namba kwenye karatasi na kumtakia mtoto wa watu kila la heri. Yeye hapana. Alijua karatasi ile ingeishia kuwa alama ndani ya daftari la takwimu, kwa hiyo alipiga simu mwenyewe, mwanafunzi akiwa amekaa mbele yake, akapanga siku na saa, kisha baada ya siku tatu akauliza: ulikwenda? Faili lake la bluu lilikuwa na wataalamu kumi na mmoja. Hakuna aliyeingia mle kabla mshauri hajafika chumbani kwake, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa na kumuuliza maswali matatu. Sheria hiyo aliirithi kwa mama mmoja aliyemtangulia kazini, ambaye sasa amestaafu.

Wa kumi na mbili ndiye aliyeingia bila kiti chake kukaliwa. Barua yake ilipenyezwa chini ya mlango, mwandiko umenyooka: Nasikiliza wenye huzuni. Nafasi ipo kila siku. Yalikuwa majuma ya mitihani, foleni imefika kwenye ngazi, na wale kumi na mmoja wamejaa mpaka mwezi uliofuata. Mfa maji haachi kutapatapa. Akapiga simu, akaridhika na sauti, akaandika.

Wa kwanza kupelekwa alikuwa binti wa mwaka wa pili aliyeitwa Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa amefiwa na babu aliyemlea, wakiwa wawili tu nyumbani, na tangu msiba alikuwa akilia katikati ya vipindi. Siku ya tatu hakusubiri kupigiwa. Alikuja mwenyewe, ametulia, nguo zimepigwa pasi.

"Naendelea vizuri, mwalimu," alisema. "Ahsante."

Mshauri alisubiri kilichobaki, maana Redio hakuwahi kuwa na sentensi mbili tu. Hakikuja. Ilikuja harufu, kama ya kitambaa kilichokunjwa kabla hakijakauka.

"Na habari ya babu? Mliizungumza?"

"Babu gani?"

Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa maangavu na matupu, na alitabasamu kwa adabu, akaomba ruhusa ya kwenda. Mtu mwenye nafasi ya kufikiri angemkimbilia kwenye korido. Mshauri aliandika amepata nafuu, akamwita anayefuata.

Tusimhukumu haraka, maana kichwa chake kilikuwa nyumbani. Huko alikuwa anaishi na mtoto wa marehemu dada yake, mwanafunzi wa chuo hichohicho, ambaye ukoo mzima ulimwita Hakimu. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akiweka mikono nyuma na kuamua kesi za watu wazima. Tangu mama yake afariki, miezi saba sasa, Hakimu hakuamua chochote. Alilala na viatu, sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, na usiku alikuwa akitembea chumbani mpaka alfajiri. Juma lile alikuwa amesema, akitazama sakafu, kwamba haoni sababu ya kuendelea. Mganga hajigangi, na kazi yake ilimkataza kumtibu wa damu yake. Alifungua faili la bluu. Palikuwa na mmoja tu mwenye nafasi.

Jumatano Hakimu alirudi kutoka kwa huyo wa kumi na mbili, akala sahani mbili, akawa anapiga mluzi. Mshauri alijifungia jikoni akalia kwa furaha. Alipotoka, alimkuta kijana amesimama sebuleni, mikono nyuma.

"Mama mdogo, hii cherehani tunamtunzia nani? Si tuiuze?"

"Ni ya mama yako. Sare zako zote alizishona hapo."

"Aa," alisema Hakimu, kama mtu aliyetajiwa jina la mtaa wa mji mwingine. Alipompita, ile harufu ya kitambaa kibichi ilimfuata.

Mshauri hakusubiri kuvaa vizuri. Alimkuta yule mama mstaafu anaanua nguo uani, akamweleza yote kwa sauti ya chini.

"Ulikaa kwenye kiti chake?"

"Sikukaa, mama."

Mama alishusha nguo alizokuwa nazo begani. "Mwanangu, ulidhani sheria ile niliiweka ili tukague vyeti? Majini si wote wanaotaka damu. Wako wanaokula yanayosemwa. Mtu akiwaeleza jambo, linahama, linakuwa lao. Niliwahi kumwandika mmoja, mwaka wangu wa kwanza." Aliangalia nyuma yake kwanza. "Nenda mchana. Muulize yale matatu. La tatu ndilo la kumjua. Akishindwa, chana ukurasa wake mbele yake. Hana mlango wa kupokelea watu ila ule uliomwandikia."

"Na mtoto?"

"Hapo sikudanganyi. Niliyempeleka mimi hakurudi alivyokuwa."

Kesho yake saa saba, jua likiwa utosini, mshauri alipita maduka ya kutoa nakala, akafika kwenye duka la magodoro alikokuwa akiwaelekeza wanafunzi, na kuanza kupanda ngazi za pembeni. Kila alipopanda harufu ilizidi kuwa nzito, na kelele za mtaa zilizimika moja baada ya nyingine, kwanza pikipiki, kisha muziki, kisha hata viatu vyake mwenyewe. Alipofika juu hakikubaki kitu ila mnong'ono uliotoka ndani ya kuta, sauti nyingi zikisimulia kwa pamoja, na katikati yao akaitambua sauti ya Redio, ile ya zamani isiyo na breki, ikieleza jinsi babu alivyokuwa akimfungia kamba za viatu, ikafika mwisho, ikaanza tena.

Mlango ulikuwa wazi. Aliyekaa ndani aliligeuzia dirisha mgongo, uso wake haukuonekana ila mdomo, na mshauri alipofungua kinywa aliona mdomo ule unafunguka pamoja na wake, neno kwa neno.

"Ulisomea wapi?"

"Kwa wanaolia."

"Ukilemewa, nani anakusikiliza wewe?"

"Silemewi."

Kisha akatoa la tatu. "Mgonjwa akikushinda, unampeleka kwa nani?"

"Hajawahi kunishinda hata mmoja."

Wale kumi na mmoja, alipowauliza hilo, kila mmoja aliinamisha macho kwanza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemshinda. Huyu hakuinamisha kitu. Mshauri alitoa ukurasa kwenye mkoba, akauchana katikati, na kuta zikanyamaza kwa mpigo mmoja.

"Vyema," ilisema sauti, bila hasira. "Naondoka. Na nilivyonavyo naondoka navyo."

"Mrudishie mtoto mama yake."

"Maji yakimwagika hayazoleki. Labda unipe mwingine wa kufanana naye. Mwanamke yuleyule, kutoka kwa mtu aliyempenda vilevile."

Alielewa mara moja, na moyo ulimuuma kwa namna ambayo hata siku ya mazishi haukumuuma, kwa sababu siku ile walau alibaki na kumbukumbu. Alimfikiria Hakimu, mluzi wake, macho yake maangavu. Kisha akakaa kwenye kiti.

Akaanza kusimulia. Alisimulia mgongo wa dada yake uliombeba wakivuka maji ya mvua kwenda shule, ugomvi wao wa kitana kilichovunjika ambao ulidumu mwaka mzima, kicheko chake cha kukoroma, siku aliyomweka Hakimu mikononi mwake akiwa mchanga wa siku moja na kusema mshike na wewe, ni wako pia, na kila alipomaliza jambo alihisi pengo mahali lilipokuwa, kama jino lililong'oka, akapapasa, asikute kitu, akaendelea, kwa sababu kijana alikuwa bado hajapata vya kutosha, akasimulia hospitali, akasimulia vidole vilivyopoa vikiwa ndani ya vyake, mpaka hakukuwa tena na la kusimulia na hakujua lilikuwa linamhusu nani. Alijikuta peke yake katika chumba kitupu juu ya duka la magodoro, mashavu yamelowa, karatasi iliyochanika mkononi. Redio hakuwa na mtu mwingine aliyemjua babu yake wa kumsimulia badala yake, na kwake hakurudi kitu.

Nyumbani alimkuta Hakimu amekaa kwenye sakafu ya jikoni, analia kwa sauti, kama watu wanavyolia.

"Mama mdogo, nilimsahau. Niliwezaje kumsahau mama?"

Mshauri alipiga magoti, akamkumbatia. Furaha ilimjaa kifuani. Mtoto amerudi, na hilo ndilo alilolitaka.

"Unamkumbuka alivyokuwa anaimba kwa pua akipika?" aliuliza Hakimu, akicheka katikati ya kilio. "Ulikuwa unamwambia anafukuza wageni."

Alimsubiri mpaka pumzi zake zikatulia. Akamshika mkono, akasema kwa ile sauti ya upole anayofungulia kila kikao cha kwanza:

"Pole sana. Hebu niambie, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakimu aliinua uso, akamtazama machoni, kisha taratibu akauvuta mkono wake.