Alitikisa Kichwa Kabla ya Swali

Haya nimeyapata kwa fundi cherehani mwenyewe, mwezi uliopita, siku niliyokwenda kupima gauni mvua ikatufungia dukani mwake. Alikuwa na pini mdomoni, na kila alipotoa pini alitoa na neno.

"Wewe, mama wa kitambaa cha njano. Usigeuke nyuma, ni wewe nakusema."

Fundi cherehani akajishika kifuani. "Mimi?"

"Wewe. Una uso mzuri, lakini unakubali kama mtu aliyeulizwa kama ameshiba. Kubali kwa moyo."

Hapo ni ndani ya chumba kikubwa cha televisheni, baridi kama duka la nyama, watu wamepangwa kwenye viti vya ngazi. Anayesema ni msimamizi wa watazamaji, mama wa makamo mwenye kidude sikioni na karatasi mkononi. Mtangazaji alikuwa hajaingia, mgeni wa kipindi bado anapakwa poda, lakini kamera zilikuwa zimeshaanza kazi.

"Dada, naomba kuuliza," akasema fundi. "Tunakubali nini, na hakuna aliyesema kitu?"

"Tunachukua nyuso zenu mapema. Mmecheka, mmeshangaa, sasa mnakubali. Baadaye tunazipachika pale zinapotakiwa."

"Kumbe mnatia viraka."

"Ndiyo mama, viraka. Ila sisi mshono wetu hauonekani."

Aliyekuja naye ni jirani yake wa duka, msusi, watu wanamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haulali. Ndiye aliyepata nafasi mbili kutoka kwa mteja wake. Akamnong'oneza: "Tikisa vizuri, mwenzangu, usituaibishe."

"Fikiria jambo lako la kweli," msimamizi akasema. "Ambalo hujamwambia mtu."

Jambo lilikuwepo, tena halikuwa mbali. Fundi cherehani alikuwa na mchumba wake seremala, mwanamume mpole, mkono wake hautetemeki hata akikata mbao nyembamba kama ukucha. Wote wawili waliitana "fundi", na kila mmoja akiitika akicheka. Miaka minne sasa. Seremala alijiapiza hatakwenda kwa mama yake msichana mpaka atengeneze kitanda chao kwa mikono yake, na mbao za kitanda zilikuwa darini kwenye karakana, zinakauka. Kila baada ya miezi kadhaa aliuliza, "Unaonaje fundi, tuziache kidogo tena? Mbao mbichi itapinda." Naye kila mara alijibu, "Hakuna haraka."

Haraka ilikuwepo. Ilikuwepo tangu mwaka wa pili. Aliogopa tu kuonekana anamsukuma mtu.

Basi akayawaza hayo, kichwa kikaanza kupanda na kushuka chenyewe, polepole, macho yakalowa.

"Hapo hapo, usiache," msimamizi akasema. "Kamera ya pili, umepata?"

"Nimepata. Huyu mama ameniliza na mimi."

Kipindi kikaanza. Mgeni alikuwa mshauri wa ndoa, mama mwenye sauti nzito, na mada ilikuwa uchumba. Katikati ya maneno, hereni ya fundi ikadondoka ikavingirika chini ya kiti. Akainama kuitafuta.

"Unafanya nini huko?" Kasuku akamuuliza.

"Hereni."

"Inuka bwana, watatupiga picha na mgongo wako."

Alipoinuka, hereni mkononi, watu walikuwa wanamalizia kucheka na mtangazaji ameshaingia kwenye jambo jingine. Hakuuliza kilichosemwa. Akavaa hereni yake, akapiga makofi wenzake walipopiga.

Kipindi kilirushwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Kasuku alikuwa na televisheni ndogo kwenye saluni yake, na wateja wawili kichwani wana dawa.

"Fundi, acha cherehani uje. Tunatoka."

Akaja na futi shingoni. Mwanzo ilikuwa raha tupu. Wakajiona wanacheka, wakajiona wanashangaa, Kasuku akalalamika kwamba kamera imemnenepesha. Kisha yule mshauri akasema kwenye kioo: "Mwanamume aliyekaa miaka mitatu hajafika kwenu, huyo hayuko safarini. Amekaa. Nani hapa amechoka kungoja mtu aliyekaa?"

Na kwenye kioo kizima, kitambaa cha njano. Kichwa kinapanda, kinashuka. Macho yana machozi.

Kasuku akamgeukia fundi.

"Si kweli," fundi akasema. "Mimi wakati huo nilikuwa chini ya kiti natafuta hereni."

"Najua. Nilikuwepo."

"Wamenitia kiraka."

"Na mshono kweli hauonekani," Kasuku akasema. "Seremala anatazama?"

"Karakana nzima inatazama. Mimi mwenyewe nilimwambia asikose."

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma, akampa Kasuku, Kasuku akausoma kwa sauti kana kwamba kuna aliyemtuma: "Nimekuona. Nimeelewa. Samahani kwa miaka yote hii."

"Samahani hii," Kasuku akauliza, "ni ya kuanza au ya kumaliza?"

Fundi akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Akampigia kijana wa kupaka vanishi, yule anayefanya kazi na seremala.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Ameondoka. Tulikuwa tunatazama wote. Ulipocheka tulikupigia makofi. Ulipotikisa kichwa, hakuna aliyekohoa. Yeye akaweka randa chini."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Akapanda ngazi, akateremsha zile mbao za darini, zote, akazipakia kwenye mkokoteni."

"Akazipeleka wapi?"

"Shemeji, mtu akiwa na uso ule huulizi."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, futi bado shingoni. "Ameziondoa mbao za kitanda. Basi tena."

"Subiri kwanza," Kasuku akasema. "Kuacha mwanamke anaweza, wapo wengi. Lakini seremala aache mbao iliyokauka miaka minne? Huyo hajazitupa."

"Nilimjibu hakuna haraka kila mara, Kasuku. Halafu anakuja kuniona mbele ya watu nasema nimechoka. Ataniona mnafiki."

"Na umechoka au hujachoka?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Mama yake.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Njoo nyumbani. Kuna mtu amekaa sebuleni kwangu, nampa chai hanywi, nampa maji hanywi. Na uani kwangu siwezi kupita kwa mbao."

Fundi hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka mbao tu, nyekundu, zimepangwa ukutani kwa urefu wake, ncha zote sawa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wenzangu wanaletewa posa," mama akasema. "Mimi naletewa mbao. Ingia umsikilize mtu wako, mimi simwelewi."

Seremala alikuwa ukingoni mwa kochi, vumbi la mbao bado kwenye nyusi. Alipomwona akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Fundi," akasema.

"Naam, fundi."

"Mama, nimekuja vibaya. Nimekuja bila mzee, bila taarifa, na nguo ya kazi. Mjomba nimemwambia, anakuja kesho kama inavyotakiwa. Ila mimi sikuweza kungoja kesho."

"Miaka minne umeweza," mama akasema. "Leo usiku mmoja umekushinda?"

"Ndiyo mama. Mwanao amesema amechoka, mbele ya nchi nzima. Sasa mimi nimeleta mbao uzione mwenyewe. Zimekauka. Nilisema sitafika hapa bila kitanda, lakini kitanda nitakitengenezea hapa hapa uani, ukiniruhusu, ukiwa unaniangalia."

"Zimekauka lini?"

Seremala akatazama miguu yake. "Mwaka juzi."

"Mwaka juzi," mama akarudia. "Basi aliyekuwa mbichi si mbao."

Fundi cherehani alitaka kucheka, akajizuia. Kulikuwa na jambo moja la kusemwa, na kama hakulisema, angeolewa kwa kiraka.

"Fundi, ngoja," akasema. "Pale kwenye televisheni sikuwa namjibu yule mama. Tuliambiwa tutikise vichwa mapema, kabla kipindi hakijaanza. Aliposema lile neno mimi nilikuwa chini ya kiti natafuta hereni. Muulize Kasuku."

Uso wa seremala ukashuka kama pazia lililokatika kamba. "Kwa hiyo hukukubali."

"Sikulisikia hata swali."

"Kwa hiyo hujachoka." Akatazama mlangoni, kule zilikokuwa mbao. "Nimemletea mama fujo uani bure. Kumbe hakuna haraka."

Hapo ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo, hakuna haraka. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limezoea njia. Mama yake akamtazama, wala hakumsaidia.

"Haraka ipo," fundi akasema. "Kutikisa kichwa niliambiwa. Kuchoka nimechoka mwenyewe."

Kuku mmoja akapita kukagua mbao.

"Tangu lini?" seremala akauliza.

"Mwaka wa pili."

"Na mbona kila nikikuuliza..."

"Unaniuliza huku umeinamia msumeno, fundi. Unauliza kama mtu anayetaka kuambiwa bado. Nikakupa bado yako."

Seremala akajifuta nyusi, vumbi likaanguka kwenye kochi la mama. "Niliogopa," akasema. "Mbao nikikosea naikata upya. Wewe nikikukosea, nitakukata upya wapi? Nikasema nikikawia sitakosea."

"Umekosea kwa kukawia."

"Nimekosea. Sasa nakuuliza bila msumeno. Tuendelee?"

"Nimeshatikisa kichwa mbele ya nchi nzima," fundi akasema. "Unataka nitikise mara ngapi?"

"Mara moja. Mbele ya mama."

Akatikisa. Mama akavuta kikombe cha chai kilichopoa, akakisogeza mbele ya seremala. "Kunywa sasa. Na hilo kochi utalifuta mwenyewe."

Mjomba alikuja kesho yake, na koti, na maneno yote yaliyopangwa vizuri, akashangaa kumkuta mpwa wake uani anapiga randa na mama mwenye nyumba ameshika ncha ya mbao. "Nimekuja kuomba au kupokea?" akauliza. Akaambiwa aombe tu, ili mambo yaende kwa utaratibu. Akaomba, akapewa, siku ya harusi ikapangwa, ndiyo ileile ninayoshonewa gauni.

Kitanda kilimalizika wiki iliyofuata, Jumapili mchana. Kasuku alikuja kukiona, akakizunguka mara mbili, akakosa kasoro, akaondoka amekasirika kidogo. Mama akasema hawezi kukitoa nyumbani kwake bila kujua kama kinalia.

"Nijaribu tu," akasema, akatandika godoro lake, akajinyoosha. "Geuka kushoto hakilii. Geuka kulia hakilii. Umejitahidi, mwanangu." Neno jingine halikuja. Alikuwa ameshalala, na viatu miguuni.

Wawili waliobaki wakakaa sebuleni. Televisheni ilikuwa inarudia kile kipindi.

"Kizime," fundi akasema.

"Kiache. Nataka nikuone nikiwa sina hofu."

Lakini wiki nzima ya randa ilikuwa mabegani mwake. Mshauri wa ndoa hajafika kwenye swali lake, kichwa cha seremala kimeshaegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, penseli bado nyuma ya sikio.

Fundi akaitoa ile penseli polepole isimchome. Akapunguza sauti. Kwenye kioo mama wa kitambaa cha njano akatokea, macho yana machozi, anatikisa kichwa, anatikisa. Fundi akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja na gauni lililompwaya, akamwonea huruma, wala hakumcheka.

Kutoka chumba cha pili mama anakoroma, na kitanda hakilii. Nje hakuna mbao tena, kuku amepata njia yake. Fundi akaegemea bega la seremala, kichwa chake kikashuka, kikapanda, kikashuka tena, na safari hii hakuna aliyemwagiza. Akalala.