Fomu ya Ghorofa ya Tatu

Wiki ile nzima, Nassra akitoka skuli alikula, akasali, kisha akachukua bahasha ya fomu na kuzunguka mtaani kwao Malindi. Fomu zilikuwa za mama yake mdogo, Badriya, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu. Badriya alitaka kujua jinsi simu na makundi ya mtandaoni yanavyobadilisha maisha ya majirani: nani anapata habari, na nani habari zinampita.

"Uingie kila nyumba, uulize, uandike unachojibiwa," alimwambia. "Usimjibie mtu."

Nassra aliingia nyumba thelathini na moja. Tisa zilizobaki zilikuwa na ngazi ndefu zenye giza, naye miguu ilimuuma. Akakaa barazani chini ya nyumba ya Bi Mwanakheir, bibi anayeishi peke yake ghorofa ya tatu, akazijaza fomu zote tisa mwenyewe. Simu anayo? Anayo. Habari anazipata wapi? Kwenye kundi la mtaa. Robo saa tu kazi ikawa imekwisha, akaenda zake kucheza.

Badriya alizisoma fomu, akaiambia kamati ya misiba ya mtaa kwamba kila nyumba ina simu. Kamati ikafurahi. Tangu siku hiyo hawakumtuma tena mtu kupita mlango kwa mlango kutangaza misiba. Msiba ukitokea waliandika kwenye kundi, basi.

Jumatatu asubuhi Bi Borafya wa kichochoro cha pili alifariki. Tangazo lilitoka saa mbili, akazikwa baada ya adhuhuri.

Jumanne alasiri Badriya alikuwa akimalizia ripoti ya kumpelekea msimamizi wake wa chuo kikuu. Nassra alikaa pembeni akifanya hesabu za skuli. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Mwanakheir, anahema, ameshika ukuta.

"Badriya, kweli Borafya kafariki?"

"Kweli, bibi. Kazikwa jana. Hukuona kwenye simu?"

"Simu gani? Mie simu sina! Nimeteremsha kikapu dirishani leo kununua samaki, ndio muuzaji akanambia. Watu wamemuaga rafiki yangu, mie niko juu nachambua mchele!" Akajitupa kitini, akalia.

Badriya alirudi kwenye kompyuta, akatafuta majibu ya fomu yake aliyoyaingiza humo. "Mbona umesema simu unayo, na habari unazipata kwenye kundi?"

"Nimesema lini?"

Nassra aliinamia daftari lake la hesabu. Hakuna aliyemtazama. Akinyamaza tu, yatapita.

"Labda umesahau, bibi," Badriya alisema taratibu.

Bi Mwanakheir alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Labda," alisema, akaanza kujitilia shaka. "Umri huu, labda nimesahau kweli."

Hapo Nassra hakuweza kuvumilia tena.

"Hajasahau!" alisema. "Mamdogo, sikupanda kwake. Nimeandika mwenyewe. Na nyengine nane."

Badriya aliifunga kompyuta kwa nguvu. "Miaka mitatu ya kazi yangu, Nassra! Na kamati nimeipa uongo kwa mdomo wangu." Alikasirika kwelikweli. Alimpigia simu msimamizi wake kumwambia ripoti itachelewa, akawapigia kamati warudishe mtu wa kupita milangoni. Kisha akamkabidhi Nassra fomu tisa mpya. "Anza hapa hapa."

Nassra alipiga magoti mbele ya bibi. "Nisamehe, bibi."

Bi Mwanakheir alimtazama sana. "Uliza."

"Habari ya msiba wa mwisho uliipata kwa njia gani?"

"Andika: hawakunambia."

Nassra aliandika, na chozi likadondoka juu ya wino. Bi Mwanakheir akamwekea mkono kichwani.

"Umeona?" Badriya alisema, hasira imeanza kumtoka. "Ukimwandikia mtu asichosema, sisi wengine tunakwenda na uongo huo, na yeye anaachwa. Kazi ikikushinda, njoo uniambie imekushinda. Hapo ntakusaidia."

"Naam, Mamdogo."

Nassra akachukua fomu nane zilizobaki, akaenda kuzipanda zile ngazi.