Kadi Tatu Kwenye Mkebe

Binti yangu, Kadogo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilimbonyeza kifundo cha mguu kwa kidole. Kishimo kikibaki, nilijua uvimbe haujapungua.

"Mama, unanibonyeza kama parachichi sokoni," alisema.

Nilicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni.

Zahanati ya kata yetu ina chumba cha kujifungulia. Ndani mna vitanda viwili. Wakati huo vilikuwa bado vimefunikwa nailoni za dukani, maana chumba hakikuwa na maji. Bomba lilikuwa limeishia nje ya ukuta. Mama akishikwa na uchungu, alipelekwa hospitali ya mbali, mwendo wa saa mbili. Mke wa fundi bati alijifungulia njiani, kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Mtoto alipona. Yeye mwenyewe nusura tumkose.

Mume wa Kadogo ni dereva wa lori. Wiki moja yuko, tatu hayupo. Kwa hiyo hofu yote ilikuwa yangu na ya mume wangu, Baba Kadogo, anayeshona viatu hapo hapo barazani.

Siku tano kabla ya kuchagua diwani, Mwenyekiti wa kina mama wa nyumba yetu ya ibada alikuja kujaribu sare yake. Aligeuka mbele ya kioo, akaridhika. Kisha akatoa mkebe wa biskuti kwenye mkoba.

"Mama Kadogo, nipe kadi zenu za kura. Nawatunzia."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wenzako wote wameshatoa. Asubuhi ya kura nitawagawia pale mlangoni, tuingie pamoja, tumpe wetu. Diwani wa sasa anagombea tena, na ni wa dini yetu. Unataka tutawaliwe na wale?"

Ndani ya mkebe niliona kadi za nyumba nyingi. Kila nyumba ilikuwa na mpira wake wa kufungia. Mwenyekiti ndiye anayetutunzia mikeka, vikombe na sare. Hajawahi kupoteza hata kijiko. Kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Nilimpa kadi tatu: yangu, ya mume wangu na ya Kadogo. Aliziandika namba kwenye daftari, nami nikatia saini.

Kadogo aliamka mchana akauliza kadi yake iko wapi. Nilipomwambia, alivuta kiti akaketi mbele ya cherehani.

"Mama, ile ni yangu," alisema. "Mimi nataka kumchagua atakayeleta maji zahanati. Wewe unajua ni nani?"

Sikujua. Nilijua tu nani ni wetu.

Tangu saa hiyo kazi haikukalika. Nilivunja sindano mbili. Nilishona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Jioni nilivuka kwenda kwa jirani yetu, Karani. Yeye ni karani wa shule, na kila uchaguzi huitwa kusimamia kituo cha kura. Nilimkuta anaanua nguo.

"Karani, nimefanya jambo la kijinga."

Alinisikiliza huku akikunja shuka. Nilipotaja mkebe, aliliacha shuka likaanguka.

"Umempa kadi zenyewe? Siyo namba tu?"

"Kadi zenyewe."

"Kazifuate upesi. Kadi ni ya mwenye jina. Hakuna mwenyekiti, hakuna mgombea, hakuna hata mume anayeruhusiwa kukutunzia kwa masharti. Bila kadi, mimi mwenyewe nitakurudisha mlangoni."

"Na namba alizoandika? Si atajua nimempigia nani?"

"Hawezi. Karatasi ya kura haina jina lako wala namba ya kadi yako. Unaingia peke yako, unaweka alama, unakunja, unatumbukiza. Zikimwagwa mezani zinafanana zote. Hata mimi ninayezihesabu sijui ipi ni yako."

"Basi niambie nimpe nani."

Karani alicheka. "Hapo hunipati. Kazi yangu hainiruhusu."

"Lakini ni vibaya kumpa mtu wa dini yangu?"

"Si vibaya. Imani yake ni yake, na kura ni yako. Ila jiulize: ile imani imemfanya afanye nini kazini? Kama anamwogopa Mungu, kazi itaonyesha. Na yule mwingine naye ana Mungu wake. Muulize swali lile lile, usimpunguzie wala usimwongezee. Mahudhurio na kumbukumbu za vikao vya kamati ya zahanati vimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Wewe unasoma. Nenda kasome."

Kesho yake nilikwenda. Nilisoma polepole, kidole kwenye karatasi. Diwani wetu ndiye mwenyekiti wa kamati ile. Vikao vilikuwa vinane. Mbele ya jina lake kulikuwa na neno "hayupo" mara saba. Mara ile moja aliyokuwepo, alifunga kikao kabla ya ajenda ya maji. Mgombea wa pili ni mtunza stoo wa kiwanda cha unga, mjumbe wa kawaida wa kamati. Dini yake si yetu. Alihudhuria vikao vyote vinane, na katika kila kimoja aliuliza habari ya bomba.

Nilisoma mara ya pili. Nilitamani nimekosea. Diwani huyu nimemshonea kanzu za ibada miaka yote. Anakaa safu ya mbele. Anaomba kwa machozi.

Nyumbani, Baba Kadogo aliacha kiatu chini. "Yule wa stoo hana hata salamu! Anapita kama amemeza msumari."

"Salamu haivuti maji, baba watoto."

"Mtu wa kwetu tumwache? Watatusema."

"Mteja akiniambia gauni halimkai, nimjibu kwamba tunasali pamoja? Si ataivua nguo ile anitupie usoni?"

Alinuna. Kisha akatazama miguu ya Kadogo, iliyopandishwa juu ya kiti. Akavaa viatu. "Twende tukachukue kadi. Tutampa nani, kila mtu na moyo wake."

Mwenyekiti alitupokea kwa bashasha mpaka aliposikia tulichofuata.

"Umesaini, Mama Kadogo."

"Nimesaini. Sasa naomba kadi."

"Nani amekupotosha? Yule Karani wako?"

"Nipe kadi, dada."

Niliogopa atapiga kelele, majirani watoke. Alifungua mkebe, akachomoa kadi zetu, akazishika kifuani. "Ukija kuzikwa, nani atakuombea? Wale?"

Baba Kadogo alinyoosha mkono. Mkono wa fundi viatu ni mpana, una gundi na makovu. Mwenyekiti akaziweka kadi pale.

Siku ya kura foleni ilizunguka jengo la shule. Mwenyekiti alisimama ng'ambo ya barabara na daftari lake. Kila aliyeingia, alimwandika. Aliponiona akanikazia macho. Kadogo, kwa sababu ya hali yake, alipitishwa mbele. Nami nilifika. Karani alitazama kadi yangu na uso wangu kana kwamba hanijui kabisa, akanipa karatasi.

Ndani ya kibanda cha kadibodi cha kupigia kura nilikuwa mimi na kalamu tu. Nilisikia sauti ya Mwenyekiti kichwani: nani atakuombea? Nikakumbuka bomba lililoishia nje ya ukuta. Nikaweka alama. Nikakunja. Nikatumbukiza.

Mtunza stoo alishinda kwa kura chache. Usiniulize Baba Kadogo alimpa nani; mimi mwenyewe sijamuuliza. Wiki ya kwanza diwani mpya aliitisha kamati. Wiki ya tatu fundi bomba alitoboa ukuta, na siku mbili baadaye maji yalitoka. Kadogo alijifungua pale, kwenye kitanda cha dirishani. Alitoka damu nyingi, lakini mkunga alikuwepo na maji yalikuwepo. Mtoto wa kike, mwenye sauti ya king'ora.

Bado nasoma ubao. Kikao cha nne diwani mpya hakufika. Nilimfuata kiwandani kwake nikamuuliza sababu. Hakunisalimia, ila alinijibu. Cha tano alifika.

Mtoto alipotimiza siku kumi, Mwenyekiti alikuja barazani na kina mama wawili. Hakukaa.

"Umetutia aibu. Ijumaa ijayo utasimama mbele ya kina mama, uombe radhi. Usipoomba, sare zetu tunazipeleka kwa fundi mwingine."

Baba Kadogo aliniinamia. "Omba tu, mama watoto, yaishe. Neno moja."

Nilikuwa na hofu. Wale ni wenzangu. Nimesali nao tangu nikiwa msichana, na nitasali nao tena, hata wakinipa mgongo. Nilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Sare zichukueni," nilisema. "Mbili zimekwisha, ziko kwenye mfuko mwekundu. Mimi siombi radhi."

"Unasemaje?"

"Siombi. Si Ijumaa, wala siku nyingine."